Kuunda kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza: anzia kwenye soketi ya ukutani

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi na sendofu, mpaka sasa natumia laptop ya kuazima. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 1.5 nitengeneze kompyuta ya mezani. Monita, kibodi na mausi ninavyo. Duka moja Kariakoo limenipa orodha: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM ya GB 16 kipande kimoja, SSD ya GB 256, kasha la kioo lenye feni za taa, na pawa saplai ya wati 750. Fundi wa hapa mtaani ananicheka, anasema ninunue Dell ya ofisini ya mtumba nipachike kadi ya grafiki, basi. Sijawahi kufungua kompyuta hata siku moja. Nimsikilize nani? Na nikishanunua, nitaunganishaje bila kuunguza kitu?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na orodha. Ukinunua kila kilichoandikwa humo ukaunganisha bila kukosea hata skrubu moja, feni zitazunguka, taa zitawaka rangi zote, na monita itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake, yaani ile sehemu inayotoa picha kwenda kwenye monita. Ni prosesa nzuri, ila inahitaji kadi ya grafiki ya kupachika, na kwenye orodha yako kadi hiyo haimo. Aliyekuandikia ama kasahau, ama anajua utarudi. Ndugu yake anaitwa 5600G, na hiyo G ndiyo inayokwambia grafiki imo. Intel, watengenezaji wengine wa prosesa, wao wamegeuza: jina likiishia na F, kama i5-12400F, ujue grafiki haipo, lisipokuwa na F, ipo. Ukiwa dukani soma jina mpaka herufi ya mwisho, kwenye boksi na kwenye chuma cha prosesa yenyewe.

Hilo hata hivyo lingejulikana siku ya kwanza, ungerudi dukani mkamalizana. Linalonipa wasiwasi zaidi ni mstari wa mwisho, hiyo pawa saplai ya wati 750 isiyotajwa hata jina la aliyeitengeneza. Mashine zinazoletwa kwangu zikiwa zimekufa, nyingi hazikuuawa na prosesa dhaifu. Zimeuawa na umeme. Ndiyo maana anayeanza huwa namwambia apange kompyuta yake kutoka ukutani kuingia ndani: soketi kwanza, kisha kinga ya umeme, kisha pawa saplai, halafu mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote), na prosesa ije baadaye. Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na prosesa na taa, pesa ikikaribia kuisha wanabeba pawa saplai yoyote iliyobaki kwenye rafu.

Sasa angalia ukuta wako. Kwenye karatasi umeme wetu ni volti 230. Jioni watu wakiwasha majiko na pasi taa zinafifia, na umeme ukikatika, ule wakati wa kurudi ndio wa hatari kuliko wa kukatika. Soketi zetu ni za tundu tatu, na lile la juu ni la ethi, waya unaokwenda ardhini. Kuna nyumba nyingi ambazo tundu lipo lakini nyuma yake hakuna waya, au waya upo na fimbo haikuchimbiwa ardhini. Dalili yake utaijua: ukiwa pekupeku ukagusa kasha la chuma unahisi ganzi fulani, kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Sababu ni kwamba ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme na kuzipeleka kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuua tundu la HDMI au USB siku unayochomeka monita au kamera vyote vikiwa vimewashwa. Na kwa kugusa tu huwezi kujua kama ni ganzi hiyo ya kawaida au ni hitilafu ya kweli inayoweza kukudhuru, kwa hiyo usiizoee. Zima, mwite fundi umeme apime ethi kwa kifaa. Hiyo kazi haitakula akiba yako, na itakinga kila kitu kilichomo ndani ya nyumba. Zile adapta za pini mbili zinazoiacha ethi nje, zitupe.

Baada ya ukuta inakuja UPS, lile boksi lenye betri ya akiba. Usitegemee uendelee nayo na kazi umeme ukikatika. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi mradi na kuzima kwa utaratibu, maana ukihariri video umeme ukakatika wakati faili linaandikwa, linaloharibika ni harusi ya mtu. Ya VA 650 inakutosha. Usizichukulie VA hizo kuwa wati, kwa kawaida inabeba kama wati 360 hivi, na mashine ninayokupangia pamoja na monita itakuwa inazunguka kwenye wati 200 kazi ikiwa nzito. Printa ya leza usiichomeke humo. Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi: UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai hazielewani nao, umeme ukikatika kompyuta inazimika palepale kana kwamba UPS haipo. Ijaribu mapema. Ukiwa huna kazi yoyote iliyofunguliwa, chomoa UPS ukutani uone. Kama pesa ya UPS haijafika, angalau weka gadi, hizi za TV na friji, inayokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha.

Tukija kwenye pawa saplai yenyewe, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi iache. Tafuta kibandiko ubavuni na usome mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula kutoka kwenye mstari huo. Zidisha volti kwa ampea. Nimeshika mikononi pawa saplai zilizoandikwa 750 ambazo kibandiko kinasema 12V ampea 20, yaani wati 240. Hizo zinazosalia wamezipata wapi, wanajua wao. Ya kweli ya wati 500 au 550 itakuonyesha zaidi ya ampea 38 kwenye mstari huo, na ukiipima kwa mkono utakuta nzito. Angalia pia nyuma kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwepo ujue ni muundo wa zamani au wa bei ya chini, na kikiwa kimekaa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio kama wa bunduki na moshi kidogo. Nzuri zimeandikwa 100-240V na hazina kiswichi hicho. Alama ya 80 Plus ni ya kujua umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haikuhakikishii kwamba ina ulinzi wa volti kuzidi au shoti. Ulinzi huo usome kwenye maelezo ya mtengenezaji. Kwa bajeti yako, UPS na pawa saplai kwa pamoja zikichukua kama robo ya pesa, usilie.

Wati 550 kwa mashine ya wati chache hivyo? Ndiyo, kwa sababu kesho utataka kadi ya grafiki, na sitaki ununue pawa saplai mara mbili.

Fundi wako wa mtaani naye usimdharau. Kama ungekuwa na nusu ya pesa hiyo ningekwambia ushauri wake ndio wa kufuata: Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotoka maofisini Ulaya na Dubai ni mashine imara, na kwa kuandika barua na hesabu za duka hakuna kinachozishinda kwa bei. Tatizo ni kule kupachika. Nyingi zinazokuja huku ni zile nyembamba, kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, inabidi iwe fupi ya nusu kimo. Pawa saplai yao ni ya umbo la kwao na plagi za kwao, kwa hiyo ikifa huendi dukani kuchukua yoyote, unatafuta ileile. Na uangalie kizazi cha prosesa. Microsoft walisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Zile za i5 kizazi cha 4 na cha 6 zinazopangwa vibarazani kwa bei ya kutupa, zinatupwa kwa sababu. Wewe unafanya kazi ya video na pesa unayo, kwa hiyo unda ya kwako.

Ningekuwa mimi, kwa video, nisingekaa kwenye Ryzen. Ningechukua i5-12400 isiyo na F, juu ya mazabodi ya H610 inayotumia DDR4. Prosesa hiyo ilitoka mapema 2022, ina viini 6, na grafiki yake ya UHD 730 si ya kucheza gemu kubwa, lakini imebeba kitu kinachoitwa Quick Sync: sakiti maalumu ya kufungua na kufunga video za H.264 na HEVC, zilezile zinazotoka kwenye kamera na simu. Programu nyingi za kuhariri zinaitumia, Premiere ikiwemo. Utaona tofauti siku unapotoa harusi ya saa mbili. Kama ungesema kazi yako kubwa ni gemu, ningekurudisha kwenye 5600G, grafiki yake ina nguvu zaidi kwa gemu.

Sababu ya pili ni mazabodi. B450 ni za 2018, na Ryzen za 5000 zilikuja kuanzia mwishoni mwa 2020. B450 iliyokaa stoo muda mrefu bila kusasishwa BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine) haitaitambua prosesa yako, na ili uisasishe, kwa bodi nyingi unahitaji prosesa ya zamani inayotambulika, ambayo huna. H610 na i5-12400 vilitoka pamoja, hilo halitakupata. Ila H610 ina ubahili wake, uujue kabla: sloti mbili tu za RAM, mara nyingi sloti moja ya SSD ya M.2, na hiyo M.2 inaishia kwenye kasi ya PCIe 3.0, kizazi cha tatu cha njia ya data. Kwa hiyo usimlipe mtu nyongeza kwa SSD ya Gen4 (kizazi cha nne), haitakimbia zaidi ya barabara iliyopewa. Hakikisha pia kwenye boksi imeandikwa DDR4. Zipo H610 za DDR5, na mkato wa chini wa RAM hizo uko mahali tofauti. Haiingii, na ukiilazimisha unavunja sloti.

Kwenye RAM, mwenye duka hajakosea sana. Kwa kawaida tunashauri vipande viwili vya GB 8, kwa kuwa prosesa inasoma vyote kwa pamoja, na grafiki ya ndani, ambayo haina kumbukumbu yake, inafaidika. Lakini mazabodi yako ina sloti mbili tu, na mhariri wa video atataka GB 32 kabla mwaka haujaisha. Ukianza na viwili vya 8 utavitoa vyote. Anza na kipande kimoja cha 16, kasi 3200, kisha uongeze pacha wake, jina lilelile na namba ileile. Bei ya RAM imepanda duniani kote tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikihudumia kwanza vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo usishangae ukikuta bei tofauti na aliyonunulia mwenzako.

SSD ya GB 256 ifute kwenye orodha. Windows, Premiere na harusi mbili vitaijaza. GB 500 ya NVMe, ile bapa ya kuchomeka kwenye sloti ya M.2, ndiyo ya kuanzia, na video zilizokwisha kukabidhiwa zihamie kwenye diski kubwa ya kawaida. Epuka jina usilowahi kulisikia kwa bei isiyoeleweka. Ukishaiweka, ifungue kwa programu ya CrystalDiskInfo: inakuonyesha saa ilizokwisha kufanya kazi. "Mpya" yenye saa 9,000 uirudishe siku hiyohiyo.

Kasha la kioo na taa halina ubaya, ila geuza uangalie mbele. Kama mbele ni kioo kizima kisicho na matundu, hizo feni zinazungusha hewa moto ileile. Chukua lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachochomoka. Na usiiweke mashine sakafuni. Pawa saplai hukaa chini ya kasha ikivuta hewa kutoka huko, inafagia nyumba kwa niaba yako.

Kuhusu kununua: njoo Dar mwenyewe, usitumiwe kwa basi. SGR inakutoa Morogoro na kukufikisha chini ya saa mbili. Duka moja likiweza kukupa mazabodi, prosesa na RAM, nunua hapohapo, uombe wakuunganishie hivyo vitatu juu ya meza ili uone picha kwenye monita kabla ya kulipa. Kabla hawajaweka prosesa, inua kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, piga picha na uikuze. Kwenye LGA1700, ambayo ndiyo soketi ya prosesa hii, pini ziko kwenye mazabodi, 1,700, nyembamba kama unywele. Zinatakiwa zilale kwa mistari iliyonyooka inayong'aa sawasawa. Ukiona doa linalong'aa tofauti na wenzake, kuna pini imepinda, omba mazabodi nyingine. Ukienda nayo nyumbani ukarudi kesho, itakuwa neno lako dhidi ya lake. Uliza kama prosesa ni ya boksi au ya trei. Ya trei ni nafuu lakini haiji na feni, na feni za soketi za zamani za Intel hazikai hapa, matundu yameachana kwa milimita 3 zaidi. Chukua risiti ya EFD, iandikwe jina la kila kifaa. Risiti yenye neno "vifaa vya kompyuta" haikusaidii kwenye waranti.

Haya, uko nyumbani. Unahitaji bisibisi ya nyota yenye sumaku, nyingine ndogo kwa skrubu ya SSD, kisahani cha kuwekea skrubu, na meza. Kitanda na zulia hapana. Umeme tuli unasumbua zaidi kwenye hewa kavu. Bado, kabla ya kugusa kifaa gusa chuma kitupu cha bomba au cha kasha, na shika bodi kwa kingo.

Usiingize kitu ndani ya kasha kwanza. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, uunganishe hapo. Kama dukani walishakuwekea prosesa, feni na RAM, viache vilivyo, uendelee na SSD; kama bado, anzia hapa. Fungua mkono wa soketi, inua bamba, lakini kile kifuniko cheusi cha plastiki kiache palepale, kitaruka chenyewe mwishoni. Prosesa ishike kwa pembeni, usiguse dhahabu ya chini. Kwenye kona moja ina pembetatu ndogo. Soketi nayo ina alama hiyo. Zikutanishe, shusha taratibu, uiachie. Isisukumwe. Ikikaa sawa haichezi. Rudisha bamba, kisha mkono. Hapa ndipo wanaoanza hushtuka, kwa sababu mkono ni mgumu na wakati wa kuushusha utasikia mkwaruzo wa chuma, unaona kabisa kwamba unavunja kitu cha laki kadhaa. Huvunji. Kama pembetatu zimekutana, endelea mpaka mkono uingie chini ya ndoano yake, na kifuniko kitafyatuka. Kihifadhi, ukidai waranti bila hicho wengine hukataa.

Feni ya boksi imeshapakwa pesti ya joto chini, usiipake nyingine na usiiguse kwa kidole. Ukinunua feni tofauti, angalia kama chini ina karatasi ya plastiki ya kulinda. Kuna watu wanaifunga nayo, halafu wanauliza kwa nini prosesa inafika nyuzi 100. Miguu yake minne ni ya kubonyeza. Panga yote juu ya matundu, bonyeza mmoja, kisha ule wa kona ya pili, halafu miwili iliyobaki, kila mmoja mpaka ulie. Geuza bodi uangalie nyuma: vipini vinne vyeusi viwe vimetokeza sawa. Kimoja kikiwa hakijatokeza, feni imekaa upande. Waya wake unakwenda palipoandikwa CPU_FAN.

RAM inaingia kwa kishindo kidogo, bonyeza ncha zote mbili mpaka vishikizo vijifunge. SSD unaichomeka ikiwa imeinama, kisha unailaza na kuifunga kwa kile kiskrubu ambacho kikidondoka hutakiona tena.

Sasa leta pawa saplai karibu, ikiwa imezimwa. Plagi kubwa ya pini 24 kwenye ukingo wa bodi, na ya pini 8, au 4 kwenye baadhi ya bodi, juu karibu na prosesa. Hiyo ya juu ndiyo inayosahaulika kuliko kitu chochote katika kazi hii. Ukiisahau feni zinazunguka vizuri na picha haiji. Usiichanganye na ile ya kadi ya grafiki, ambayo nayo ina pini 8 zilizogawanyika 6 na 2. Ya prosesa imegawanyika 4 na 4 na imeandikwa CPU. Kama waya za pawa saplai yako zinachomoka, usitumie hata siku moja waya wa pawa saplai nyingine. Upande wa bodi unafanana, upande wa pili kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na hapo unaunguza diski na bodi kwa mpigo.

Chomeka monita, washa swichi ya nyuma, kisha kwa ncha ya bisibisi gusanisha kwa sekunde moja pini mbili za kitufe cha kuwashia, mara nyingi zimeandikwa PWR_SW. Mara ya kwanza inaweza kuwaka, kuzimika na kuwaka tena. Iache, inapima RAM. Ukiona ukurasa wa BIOS, prosesa imesomeka na GB 16 zimesomeka, kazi ngumu imekwisha. Zima, chomoa, ndipo uingize ndani ya kasha.

Ndani ya kasha kuna vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi. Vihesabu dhidi ya matundu ya bodi yako. Kinguzo kilichokaa pasipo na tundu kitagusa mgongo wa bodi na kufanya shoti, kitoe. Kile kibati cha nyuma chenye matundu ya USB na HDMI kiingie kwanza kabla ya bodi; ukisahau utafungua skrubu zote upya. Skrubu zikaze kwa vidole viwili mpaka zigome, basi, usitie nguvu za fundi baiskeli. Vile viwaya vidogo vya kitufe cha kuwashia na taa fuata mchoro wa kitabu. Vya kitufe havina chanya wala hasi, vya taa vinavyo, ukivigeuza taa haiwaki na hakuna kinachoharibika.

Ikigoma kuwaka baada ya hapo, usianze kulaumu prosesa. Angalia swichi ya nyuma, plagi mbili za umeme, kisha toa RAM uirudishe kwa nguvu zaidi kidogo. Hayo matatu yanamaliza kesi nyingi. Iliwaka juu ya boksi na haiwaki ndani ya kasha? Tafuta kinguzo.

Kwenye BIOS hakikisha RAM inakimbia 3200. Ikionyesha 2133 au 2666, washa XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kwa kasi yake kamili, uhifadhi. Halafu Windows: itengeneze kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Microsoft yenyewe, ukitumia laptop uliyoazima. Flashi ya fundi yenye Windows "iliyokwisha kuwa akitiveti" usiichomeke kwenye mashine utakayoingizia nywila za M-Pesa na barua pepe za wateja. Katikati ya usakinishaji itadai intaneti, na H610 nyingi hazina Wi-Fi. Chomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB, itasomeka kama waya wa mtandao. Ukimaliza, pakua draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi.

Kadi ya grafiki isubiri mpaka kazi ilipe. Wakati huo ukifika, RX 6600 inakula wati 132 na pawa saplai tuliyochagua inaibeba bila jasho. Ukiangukia za mtumba, kuwa macho na mbili: RX 580 zilizoandikwa 2048SP, ambazo nguvu yake ni ya 570 iliyovaa jina la kaka yake, na GTX 1050 Ti bandia, ambazo ndani ni chipu ya zamani iliyobadilishwa jina. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi uifungulie hapohapo dukani. Zile bandia inaziandikia neno FAKE mbele ya jina, na muuzaji atakuwa amesimama pembeni yako anasoma pia.